Taa Nyekundu ya Mtu Aliyeketi

Panda gari dogo la abiria pale stendi ya Bukoba, lile linalojaza watu wa Muleba, na ukibahatika kupata siti ya mbele tazama dashibodi kabla hujatazama ziwa. Mara nyingi utaiona: taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyeketi, amefunga mkanda, na mbele ya kifua chake kuna duara kubwa. Imewaka Rwamishenye, imewaka Kemondo, imewaka Muhutwe, na mkishuka Muleba mjini bado inawaka. Dereva hana habari nayo. Gari linatembea, breki zinashika, injini haichemshi. Taa hiyo aliikuta siku alipokabidhiwa gari na bosi wake, na ataiacha hapo hapo siku atakapolirudisha.

Wapo mafundi ambao taa hiyo haiwapi raha. Ni wachache, karibu wote ni mafundi umeme wa magari, na ukiwauliza watakwambia kazi yenyewe hailipi kama kufumua injini. Lakini ukikaa karibu na mmoja wao anapoitafuta hitilafu ya eabegi, yaani mfuko wa hewa, utaona ufundi ambao magari yetu mengi hayajawahi kuupata: fundi hagusi kitu mpaka ajue kwa nini anakigusa.

Mfumo wenyewe hauna mambo mengi. Katikati ya gari, chini ya dashibodi, kuna kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa boliti kwenye sakafu. Ndani yake mna sensa ya mshtuko, kompyuta ndogo, na kapasita inayotunza umeme wa akiba, ili hata betri ikikatika kwenye ajali mfuko wa hewa upate moto wa kuufumua. Kutoka hapo waya mbili mbili zinakwenda kwa kila mfuko: wa dereva katikati ya usukani, wa abiria juu ya droo ya mbele. Magari mengi yana jozi nyingine zinazokwenda kwenye mikanda ya siti za mbele, ambayo nayo ina baruti yake ya kuivuta imkaze mtu kabla hajarushwa. Mwisho wa kila jozi kuna kiwashio kidogo chenye ukinzani wa kama omu mbili. Kikipata umeme wa kama ampia moja, kinawasha baruti, gesi inazalishwa, na mfuko unajaa ndani ya milisekunde 30 hadi 50.

Kila unapofungua swichi, taa nyekundu inawaka kwa sekunde kama 6. Ndizo sekunde ambazo kisanduku kinajipima. Kinapitisha umeme mdogo sana, usioweza kuwasha chochote, katika kila jozi ya waya, na kusoma ukinzani wake. Kikikuta kila kitu sawa, taa inazimika. Kikikuta waya umekatika, au waya mbili zimegusana, au mmoja umegusa bodi, taa inabaki inawaka, na tangu hapo hakuna wa kukuhakikishia kwamba mfuko utafumuka siku ya kuhitajika.

Mmarekani John Hetrick alipewa hataza ya mfuko wa hewa wa gari mwaka 1953. Wazo lilimjia baada ya kukwepa kitu barabarani na kuingia mtaroni akiwa na mkewe na binti yao mdogo. Wazazi wote wawili walijikuta wamenyoosha mikono mbele ya mtoto kumkinga. Kila mzazi aliyewahi kufunga breki ghafla anaujua mkono huo. Ilipita karibu miaka 30 kabla Mercedes-Benz haijauza gari la S-Class lenye mfuko wa hewa unaofanya kazi ya mkono ule, na ikapita mingine mingi kabla magari ya namna hiyo, yakiwa yametumika Japani miaka kadhaa, hayajaanza kushuka bandarini Dar es Salaam na kupanda huku kwetu.

Huku kwetu waya hizo zinapata maisha magumu. Bukoba hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa ziwa haupumziki hata siku zisizo na mvua. Zulia la gari likilowa halikauki. Soketi iliyo chini ya siti inaota ukungu wa kijani, na kinachopitisha umeme mdogo kama wa eabegi ndicho cha kwanza kuathirika, maana honi au taa kubwa zina umeme wa kuweza kupenya kutu, wakati kipimo cha omu mbili hakina msamaha huo. Halafu kuna mizigo. Chini ya siti ya mbele husukumwa jeki, kidumu cha oili, mfuko wa dagaa kutoka Kemondo, na mkungu wa ndizi ukilazwa nyuma shina lake huingia humo humo. Gari lenye mfuko wa hewa wa ubavuni lina soketi ya njano papo hapo, na kila mzigo unaosukumwa unaivuta kidogo. Kwenye nyumba zilizozungukwa na kibanja cha migomba, gari likilala siku kadhaa bila kuwashwa, panya nao wanatafuna.

Kabla sijafika kwenye kazi yenyewe, niseme kuhusu wanaoizima taa hii kwa njia nyingine, kwa sababu bila kuwajua hao huwezi kuona thamani ya hawa. Kishoka wa kwanza anafungua dashibodi na kuchomoa balbu. Wa pili anabandika utepe mweusi. Wa tatu anauunganisha waya wa taa ya eabegi na wa taa ya oili, ili ziwake na kuzimika pamoja na mnunuzi asigundue. Wa nne, ambaye anajua zaidi na kwa hiyo ana hatia zaidi, anachomeka rezista ya omu mbili mahali mfuko ulipokuwa. Kisanduku kinapima, kinakuta omu mbili, kinaridhika. Mfuko haupo, ulifumuka kwenye ajali huko nyuma, na kifuniko cha usukani kimegundishwa juu ya shimo tupu. Gari la namna hiyo linauzwa likiwa limeng'arishwa, na linabeba watoto wa watu.

Fundi mzuri anaanza kusoma hapo. Anafungua swichi na kutazama kama taa inawaka kabisa. Isipowaka hata kwa zile sekunde 6 za mwanzo, anajua kuna mkono ulioigusa, na hilo linamtia wasiwasi kuliko taa inayowaka mchana kutwa. Ikizimika sambamba na taa ya oili mara injini inapoguruma, anauliza gari lilinunuliwa kwa nani.

Nilimwona mmoja wao akifanya kazi hii Muleba, nyumbani kwa mwalimu mstaafu, kwenye uwanja wa mbele ya nyumba, migomba ikiwa hatua chache kutoka kwenye bampa. Gari lilikuwa Toyota IST ya mwaka 2003. Fundi alitoka Bukoba na begi la mgongoni ambalo halikuwa na kitu cha kumtisha mtu: mita, bisibisi kadhaa, spana, kipande cha waya, saa ya mkononi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Karibu. Umekuja na mashine ya kupimia?"

"Nimekuja na waya, Mwalimu. Ila kwanza tuongee."

Wakaongea, na naona hapo ndipo nusu ya kazi ilipofanyika. Taa iliwaka lini? Ilianza kwa kuwaka na kuzimika, au ilikaa moja kwa moja? Kabla ya hapo gari lilishikwa na nani, likafanywa nini? Mwalimu akaeleza kwamba usukani ulikuwa unagonga, akalipeleka kwenye gereji moja, wakafungua raki ya stelingi, wakafunga, gari likawa zuri. Kesho yake, akikata kona kali ya kuingia nyumbani, taa ikawaka na haikuzimika tena.

Fundi akanyoosha mkono dirishani na kubonyeza honi. Kimya.

"Na honi hii, Mwalimu?"

"Aa, hiyo nayo ilichoka siku hizo hizo. Nilisema nitaishughulikia baadaye."

Mtu mwingine angeshafungua usukani. Maana honi na eabegi ya dereva hupita njia moja: utepe mwembamba wa plastiki wenye nyuzi za shaba ndani, uliokunjwa mizunguko mingi kama utepe wa kaseti, ndani ya kasha la duara nyuma ya usukani. Utepe huo unajikunja na kujikunjua kila dereva anapozungusha usukani, na ndiyo njia pekee ya umeme kutoka kwenye gari hadi kwenye gurudumu lisilotulia. Ukikatika, honi inakufa na taa ya eabegi inawaka siku ile ile. Na hukatika hasa fundi anapofungua raki bila kuufunga usukani usizunguke: usukani unazungushwa bila matairi, ukirudishwa umepitiliza mzunguko mmoja, na kona kali ya kwanza inaukata. Maelezo ya Mwalimu yalikuwa yameshataja ugonjwa.

Fundi hakusema lolote kati ya haya. Alichukua mita na kupima betri kwanza. Nilipomuuliza baadaye sababu, alinieleza kwamba umeme wa gari ukishuka, taa ya eabegi huwaka bila waya wowote kuwa na kosa, na kwenye Toyota ukiomba namba ya hitilafu utapewa jibu kwamba mfumo ni mzima. Watu wamebadilisha visanduku vya bei kubwa kwa sababu ya betri iliyochoka. Betri ya Mwalimu ilisoma volti 12.6. Akaiacha.

Ndipo akatoa ule waya. Chini ya dashibodi, upande wa goti la dereva, kuna soketi yenye matundu 16 katika safu mbili. Kwenye Toyota za umri huo ukiunganisha tundu la 4 na la 13, swichi ikiwa imefunguliwa, gari linaanza kujieleza kwa kukonyeza taa zake. Kinachotaka uangalifu ni kwamba tundu la 16 lina umeme wa moja kwa moja wa betri, na mkono ukikosea safu unaweza kuunguza fyuzi, au kitu kikubwa kuliko fyuzi. Akapiga magoti kwenye majani, akaweka ukucha kwenye tundu la kwanza, akahesabu kwenda kulia hadi la 4. Akarudi mwanzo, akahesabu tena. Safu ya chini inaanzia 9. Akafanya vile vile hadi 13. Kisha akachomeka ncha za waya, ambazo alikuwa amezipaka risasi ili zisichanue nyuzi, akafungua swichi.

Dashibodi nzima ikaanza kucheza. Taa ya injini, ya breki za ABS, ya eabegi, kila moja na mapigo yake, maana zote zinaulizwa kwa pamoja. Macho yanataka kuzifuata zote, na hapo ndipo wengi wanapotea. Akaweka kiganja juu ya nyingine, akaacha ile nyekundu peke yake. Ikawaka mara moja. Ikatulia kwa sekunde moja na nusu. Ikawaka mara nne, kwa haraka inayolingana, nusu sekunde kila mkonyezo. Ikapumzika sekunde kama nne, ikarudia. Moja, nne. Hakuandika mara ya kwanza wala ya pili. Alisubiri ijirudie mpaka akahakikisha hakuna namba nyingine iliyojificha nyuma ya ile ya kwanza, ndipo akaandika kwenye daftari: 14.

Kwenye Toyota hizo, 13 ni kusema waya za eabegi ya dereva zimegusana, 14 ni kusema zimekatika. Mfuko wa abiria una 53 na 54. Mikanda yenye baruti ina 63 na 64 kwa upande mmoja, 73 na 74 kwa mwingine. Namba 31 ni kisanduku chenyewe kinachojilalamikia. Ukishazoea mpangilio huo unaona kwamba kila kitu kinaulizwa maswali yale yale: umegusana, au umekatika? Siku hizi vijana wengi wana vile vifaa vidogo vya kuchomeka hapo hapo na kusoma kwenye simu, na ni vizuri kuwa navyo, ila vingi vya bei nafuu vinasoma injini tu. Eabegi haviioni kabisa. Mtu anaambiwa na simu yake kwamba gari halina tatizo, huku taa nyekundu ikiwa imemkodolea macho.

Sasa alikuwa na dhana iliyotokana na honi, na namba iliyotokana na gari, na vyote viwili vinaelekeza pahali pamoja. Akazima swichi, akachomoa waya wake, akafungua kichwa hasi cha betri, akakisogeza mbali. Akatazama saa. Toyota inasema usubiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa soketi yoyote ya eabegi, ile kapasita ya akiba iishiwe nguvu. Kampuni nyingine zinataka dakika tatu. Sekunde 90 ni ndefu ukiwa umesimama na spana mkononi na mwenye gari anakutazama. Hakuzipunguza. Mwalimu akauliza kama kuna shida. "Hakuna, waitu. Tunasubiri iishe nguvu," akajibu, na akaendelea kutazama saa mpaka dakika mbili zikapita. Nikafikiria idadi ya magari niliyoona yakifunguliwa usukani huku redio inaimba.

Nyuma ya usukani wa IST, kulia na kushoto, kuna matundu yanayoficha skrubu mbili zenye kichwa cha nyota, namba T30. Akazilegeza, kifuniko chenye mfuko kikaachia. Akakivuta taratibu kwa vidole, uso wake umeukwepa usukani, akachomoa soketi ya njano. Rangi hiyo haikuchaguliwa kwa urembo: kwenye gari, waya au soketi ya njano chini ya usukani ni onyo kwamba mwishoni mwake kuna baruti. Alikibeba akikielekeza mbali na kifua, akakiweka juu ya meza ya mbao kivulini, sehemu anayoiona dereva ikitazama juu. Watoto wa jirani walikuwa wamesogea. Akawaomba warudi hadi kwenye ngazi, na hakuendelea mpaka waliporudi. Mfuko uliolazwa kifudifudi ukifumuka unajirusha kama kombora, wakati uliolazwa chali unatoa nguvu zake hewani.

Mfuko wenyewe hakuupima. Hii ni kanuni ambayo fundi mwenye haraka huivunja siku moja tu: mita ya kupimia omu inapeleka umeme wake mwenyewe kwenye kitu inachokipima, na kitu hicho kinasubiri umeme. Kinachopimwa ni njia. Mfuko unahukumiwa kwa kuondolewa, na waya unaulizwa bila mfuko kuwepo.

Akafuata soketi ya njano ya chini, pale utepe unapoungana na waya za gari, akaitenganisha. Hapa kuna kitu kidogo ambacho sikukijua na kilinifurahisha sana. Ndani ya soketi hizo mna kibati chembamba chenye springi. Soketi ikichomolewa, kibati kinarudi na kuziunganisha waya mbili za upande wa mfuko, ili hata umeme wa nguo au wa vidole usiweze kuwasha baruti. Ni ulinzi mzuri, ila unamdanganya mpimaji: ukiweka mita kati ya waya hizo utadhani zimegusana na utaanza kutafuta hitilafu isiyokuwapo. Akatoa mfukoni kipande cha kadi ya vocha alichokikata chembamba, akakiingiza pembeni mwa soketi kukisukuma kibati kisiguse, ndipo akaweka ncha za mita. Waya wa kwanza, toka chini hadi juu: chini ya omu moja. Waya wa pili: mita haikusogea. Wa honi: haikusogea.

Aliwaonyesha wote, Mwalimu na mkewe aliyekuwa amekuja na chai, ncha moja hapa, nyingine pale. "Huu mzima. Huu umekatika. Na huu wa honi umekatika." Akarudia mpaka Mwalimu akashika ncha za mita mwenyewe.

Utepe haufungwi tena wala haulehemiwi. Kuna wanaojaribu, na unashika wiki mbili. Unatafutwa mwingine, na kwa magari yetu maana yake ni wa gari lililochinjwa, Bukoba ukibahatika, vinginevyo unaagizwa Mwanza au Dar es Salaam, uje kwa basi au kwa meli. Fundi akarudisha kila kitu mahali pake, akafunga betri, akafungua swichi. Taa ikawaka, ikakaa.

"Si ungeizima kwa sasa, fundi, hadi hicho kifaa kije?"

"Inasema kweli, Mwalimu. Iache iseme. Wewe funga mkanda, na atakayekaa mbele afunge."

Nilifurahi kuisikia kauli ile kuliko ningefurahi kuona taa imezimika. Alikuwa anaondoka na nauli tu ya siku hiyo, gari likiwa vile vile alivyolikuta, na kila mtu pale akijua kwa hakika lina nini.

Utepe ulipofika aliupima kabla ya kuufunga, kwa namna ambayo sijaiona kwa wengine. Alifunga ncha za mita kwenye mwanzo na mwisho wa waya mmoja, akashika kasha mkononi na kulizungusha polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, macho kwenye namba. Utepe uliochanika nusu unaweza kusoma vizuri ukiwa umetulia katikati, ukaachia kwenye kona. Huu haukuachia. Akafanya hivyo kwa kila waya.

Kisha akanyoosha matairi ya mbele, akafungua betri, akasubiri kama mara ya kwanza, akatoa mfuko, akafungua nati ya usukani, namba 19, baada ya kuchora alama ya rangi kwenye usukani na kwenye mhimili ili urudi ulivyokuwa. Akatoa kasha la zamani, akaweka jipya, na hapo ikaja sehemu ambayo gereji ile iliikosa. Alilizungusha kinyume cha saa kwa vidole viwili, kwa wepesi, mpaka alipohisi limegoma. Hakulisukuma zaidi. Akalirudisha mizunguko miwili na nusu mpaka alama nyekundu zikatazamana. Hapo utepe una akiba sawa pande zote mbili, na usukani ukienda mwisho wa kulia au wa kushoto hautauvuta. Kwenye kazi nzima ni hapo tu ambapo mita haina la kusema. Vidole vinajua tofauti ya kugoma na kukwama.

Akafunga kila kitu, akarudisha betri, kisha akiwa amekaa nje ya mlango akafungua swichi kwa mkono ulionyooshwa kutoka pembeni. Honi ikalia na kuku wakatawanyika. Taa bado iliwaka, kwa sababu kisanduku kinatunza kumbukumbu ya kosa hata likishatengenezwa, na kumbukumbu hiyo haifutiki kwa kuchomoa betri. Inafutwa kwa mashine, au kwa ule waya. Aliunganisha matundu yale, akaachanisha, akaunganisha, akaachanisha, kila mara akisubiri taa ijibu kwanza, na kila tendo lina sekunde zake chache. Ukiwahi haikubali, ukichelewa haikubali. Midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti. Mwishowe ile nyekundu ikaanza kumeta kwa kasi ya kupitiliza, ishara kwamba imefuta, akachomoa. Akazima, akafungua swichi tena. Taa ikawaka, zikapita sekunde 6, ikazimika. Akamwomba Mwalimu azungushe usukani mwisho hadi mwisho, kulia na kushoto, kisha waende wote hadi barabara kuu na kurudi, na walirudi ikiwa imezimika.

Kazi za namna hii zina mahali pa kuishia, na fundi huyu anapajua. Namba 31 haigusi nyumbani kwa mtu. Gari ambalo mifuko yake ilishafumuka anamwambia mwenye gari gharama halisi ya mifuko, kisanduku na mikanda, na akitakiwa kuweka rezista anafunga begi lake. Mfuko wa mtumba haununui kwa mtu asiyeweza kumwonyesha gari ulikotoka.

Na kuna jambo ambalo taa hii haiwezi kulijua. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mamilioni ya mifuko ambayo gesi yake inatokana na nitrati ya amonia isiyowekewa kikaushio. Baada ya miaka mingi ya joto na unyevunyevu, baruti hiyo inaharibika na kuwaka kwa nguvu mno, kasha la chuma linapasuka, na vipande vyake vinamfuata mtu aliyepaswa kulindwa. Watu wamekufa katika nchi kadhaa. Magari yaliyoitwa kurudishwa yalivunja rekodi ya historia ya magari, Toyota, Honda na Nissan zikiwemo, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Waya za mfuko wa namna hiyo ni nzima, ukinzani wake ni omu mbili, na taa inazimika baada ya sekunde 6 kwa utulivu kabisa. Joto na unyevunyevu sisi tunavyo, na magari ya miaka hiyo ndiyo tunayoyaendesha.

Kwa hiyo kabla hajanywa chai yake, fundi alifungua boneti na kunakili namba ya chasisi kutoka kwenye kibati. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana modeli, kistari, na namba, kama NCP60 kwa IST nyingi, na hukaguliwa kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyolitengeneza. Alimwonyesha Mwalimu mahali pa kuiandika kwenye simu, sehemu ya kwanza hapa, ya pili pale, na jinsi ya kuufanya ukurasa usomeke kwa Kiswahili. Mtandao wa Muleba ulikuwa mzito mchana ule. Mwalimu akavaa miwani, akaanza kuandika.